Trekta Lianze Kwangu

Kila asubuhi Kwanza alifagia uwanja wake. Alianza mlangoni, akapita mbele ya jiko, akafika uani. Hapo ufagio ulisimama. Macho yake yalivuka ua, yakavuka kijia, yakatua kwenye shamba la mdogo wake.

"Umefagia hapo mpaka umechimba shimo," alisema mume wake. Alikuwa fundi baiskeli, na kazi zake alizifanyia pale pale barazani. "Kama unataka kupanda mti, sema tu."

"Natazama shamba."

"La nani?"

Kwanza akainamia ufagio wake. Fundi akacheka, akaendelea kuziba pancha.

Jina lake la kuzaliwa hata majirani walikuwa wamelisahau. Tangu utotoni, kwenye foleni ya bomba alikuwa akisema, "Mimi kwanza!" Kwenye kugawa nguo, "Mimi kwanza!" Hata siku ya sindano ya chanjo alisema "mimi kwanza", akaijutia mwenyewe. Basi watu wakamwita Kwanza, na jina likaganda. Alikuwa kifungua mimba. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, naye wakamwita Kitinda.

Baba yao aliwaachia shamba moja la tambarare. Kijia kiligawa shamba hilo katikati. Upande huu Kwanza, upande ule Kitinda. Udongo ulikuwa ule ule, na mvua ile ile.

Asubuhi hiyo, wakati wa kiangazi, shamba la Kitinda lilionekana la ajabu. Dereva wa trekta alikuwa amepita jana yake na plau ya meno. Mabua ya mahindi yalikuwa bado juu. Kilichoonekana ni mistari tu, mmoja hapa, mwingine pale.

"Tazama!" Kwanza alisema. "Limekunwa kama mgongo unaowasha. Huko ndiko kulima?"

"Kamuulize mdogo wako," alisema fundi. "Kuuliza si ujinga."

"Nimuulize yeye? Mimi niliyembeba mgongoni?"

Na hakumuuliza.

Mvua za kwanza zilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu trekta likasikika likija barabarani. Lilikuwa kubwa, magurudumu yake ya nyuma yalimzidi mtu kimo. Nyuma lilibeba plau ya sahani. Dereva aliitwa Taratibu, kwa sababu hakuwa na haraka hata ya kula.

Kwanza alitoka mbio, khanga mkononi. Akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Trekta lianze kwangu!"

Taratibu akazima injini. "Dada, ardhi imelowa bado. Ngoja ikauke kidogo, nitarudi."

"Nikingoja, utaanza kwa nani? Kwa yule?" Alinyoosha mdomo kuelekea kwa Kitinda.

"Yule hajaniita. Hata yeye anangoja."

"Ndivyo mnavyopanga! Mimi ningoje, halafu niamke nikute kwake kumelimwa. Hapiti mtu hapa."

Taratibu aliangalia tope kwenye magurudumu. Aliangalia mikono ile kiunoni. Akashusha pumzi, akakata kona kuingia shambani. Masahani ya chuma yakazunguka, yakaupindua udongo. Udongo ulitoka mzito, unang'aa kama umepakwa mafuta. Mabua yote yalifukiwa. Kwanza alilitazama shamba lake, akaona raha hadi vidoleni.

"Hilo sasa ndilo shamba," alisema kwa sauti kubwa, ili sauti ivuke kijia.

Lakini raha yake haikudumu. Mahindi yalipofika magotini, mvua ilikatika. Ya Kwanza yakawa ya manjano, majani yakajikunja. Ya Kitinda yalisimama, kijani kibichi, yanapepea. Jamani, kijani kile kilimchoma Kwanza kuliko jua. Alikiona akifagia. Alikiona akianika nguo. Akifumba macho alale, alikiona.

"Baba alimpendelea," alimwambia mume wake wakila. "Alimpa upande wenye rutuba. Mimi nikapewa makapi."

"Kijia baba yenu alikipima kwa kamba. Wewe mwenyewe ulishika ncha."

"Kamba haipimi rutuba! Wewe hujui kitu, wewe jua pancha zako."

Fundi akachovya tonge lake. Mke wake akiwa na kijicho, hata chumvi aliiona imependelea upande mmoja wa chungu.

Baada ya mavuno, Kwanza alivuka kijia. Magunia ya Kitinda yalijaa sebule. Ya kwake yalikuwa machache, na hayakuweza kuwafikisha msimu ujao. Hakusalimia.

"Tubadilishane mashamba."

Kitinda alikuwa anapukuchua mahindi. Gunzi likamdondoka. "Dada, unasemaje?"

"Umekula upande mzuri miaka yote. Sasa zamu yangu. Mimi ndiye mkubwa."

"Udongo ni ule ule, dada. Tatizo ni jinsi—"

"Usinifundishe! Unakubali, au kuanzia leo wewe si mdogo wangu?"

Kitinda aliyafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Shamba lile alilihangaikia kama mtoto. Lakini dada alikuwa mmoja tu, duka la madada halipo.

"Chukua," alisema. "Chukua, dada. Ila usiniambie tena neno hilo."

Kwanza alirudi nyumbani ameshinda. Kwa nini basi hakupata usingizi? Alijigeuza na kujigeuza, akailaumu mito.

Kiangazi kile, trekta lilionekana kwenye lile shamba la zamani la Kwanza. Taratibu alikuwa amefunga plau ya meno. Injini ilinguruma, vumbi likapanda, ardhi kavu ikapasuka kwa chini, krak, krak. Kwanza alicheka peke yake uani. Mdogo wake alikuwa akikuna makapi!

Yeye mvua ziliponyesha alisimama tena barabarani, mikono kiunoni, na neno lake likawa lile lile. Trekta lianze kwangu. Udongo ukang'aa. Msimu ule mahindi ya pande zote mbili yalikaribiana, na Kwanza akasema mambo yameanza kunyooka. Msimu uliofuata akafanya vile vile, tope na yote.

Ndipo mambo yakageuka. Maji ya mvua yalituama shambani kwa Kwanza kama kwenye sinia. Jua lilipowaka, maji yalikauka, na mahindi nayo. Yakawa ya manjano. Naye asubuhi moja alifika na ufagio wake uani, akalitazama shamba lake la zamani, upande huu wa kijia.

Kijani.

Pale pale kwenye makapi yake! Majani mapana, mashina ya kujaa mkono! Kijani kilikuwa kimehama. Kilikuwa kimemfuata Kitinda kama paka anavyomfuata mwenye samaki.

Ufagio ulianguka. Kwanza alikimbilia shambani bila viatu.

"Umelifanya nini shamba langu?"

Kitinda aliinuka katikati ya mahindi. Taratibu alikuwepo pia, amekuja kupanga siku ya kazi ya kiangazi.

"Lipi, dada?" Kitinda aliuliza polepole. "Hili ulinipa. Lile ulichukua."

"Nilichukua zuri! Zuri limeharibika, baya limepona! Kila unachogusa wewe kinaota, kila ninachogusa mimi kinakufa. Kwa nini? Niambie kwa nini!" Sauti ilimkatika, akakaa chini kwenye udongo, akalia. Alilia kwa hasira na wivu. Lakini alilia pia kwa hofu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo ya kulishwa.

Kitinda alipiga magoti kando yake. Taratibu akakuna kichwa.

"Shemeji fundi ana nondo?" aliuliza.

Fundi aliileta mwenyewe, maana kelele zilikuwa zimemfikia. Taratibu aliishika ile nondo, akaisukuma ardhini pale kwa Kitinda. Ikazama polepole, kina cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Wakavuka kijia wote. Akaisukuma kwa Kwanza. Ilizama upana wa kiganja, ikagonga. Akasukuma kwa nguvu zote. Ikagoma.

"Kuna jiwe," Kwanza alisema.

"Sogea hapa. Jaribu mwenyewe."

Kwanza alijaribu. Ikagonga. Akajaribu kule, na kule. Kote iligonga.

"Shamba zima haliwezi kuwa jiwe," alisema fundi.

Taratibu alichimba kwa jembe kando ya shina moja la mhindi. Juu udongo ulikuwa laini. Chini yake palitokea tabaka gumu, lililobanana kama sakafu. Mizizi ilikuwa imefika pale, ikashindwa kupita. Ilikuwa imepinda, ikatambaa ubavu.

"Umeona, dada? Mahindi yako yamekaa kwenye sahani. Mvua ikinyesha, maji hayashuki. Jua likiwaka, mizizi haifikii maji yaliyo chini. Hayana pa kwenda."

"Nani ameweka sakafu hii?"

Taratibu alitazama chini. "Trekta langu. Na wewe uliyeliita kwenye tope. Mimi pia nilipaswa kukataa, lakini mikono yako ile kiunoni, loh!"

Fundi alicheka, akaacha haraka alipotazamwa.

"Mimi nililimisha kwa plau nzuri," Kwanza alisema. "Ya sahani."

"Ni nzuri. Hakuna plau mbaya, dada, kila moja ina kazi yake. Ya sahani ni ya ardhi ngumu yenye mizizi na mawe, masahani yanaviringika juu ya vikwazo. Ya mabapa inageuza udongo chini juu, kama unavyogeuza godoro. Hiyo inafaa magugu yakizidi, uyafukie. Lakini zote mbili zikipita kina kile kile kila msimu, chini panabanana. Na udongo ukiwa na maji, uzito wa trekta unaushindilia, chuma kinaupiga lipu. Ule mng'ao uliokuwa unakufurahisha, ndio lipu yenyewe."

Kwanza alifunika mdomo.

"Ndiyo maana mdogo wako anatumia ya meno. Hiyo haipindui. Inashuka chini ya tabaka na kulipasua, na mabua yanabaki juu kuzuia jua na maji yanayokimbia. Ila lazima ardhi iwe kavu, ndipo ipasuke. Ikiwa mbichi, meno yanapita kama kisu kwenye sabuni, hayapasui kitu. Wala si kila mwaka. Unapima kwanza kwa nondo, ukiona haigongi, unaacha."

"Na nitajuaje kwamba ardhi haijalowa sana?"

Kitinda ndiye aliyejibu. Alichimba udongo wa chini kidogo, akamshika dada yake mkono, akamwekea kiganjani. "Finya. Sasa ubonyeze kwa kidole. Ukinata kama unga uliokandwa, ngoja. Ukivunjika-vunjika, lima."

Kwanza alifinya. Kidole kilipogusa, donge lilivunjika. Aliendelea kukitazama kiganja kile.

"Ulijua siku zote," alisema.

"Nilijua. Kila nilipotaka kukuambia, ulinifungia mlango. Siku ile nilianza, ukasema nisikufundishe."

Aibu ilimshika Kwanza, na hata ndani ya aibu ile kijicho kilinong'ona: amejua kabla yako. Akakimeza.

"Nifundishe," alisema. Neno hilo lilimtoka kama mwiba unavyotoka, kwa maumivu, kisha nafuu.

Kiangazi kilipofika, Taratibu alipasua shamba la Kwanza kwa plau ya meno. Kwanza aliona mabua yamebaki juu, ovyo ovyo, na moyo ukamwasha afagie shamba zima. Akajizuia.

Mvua zikaja. Trekta nalo likaja, sasa limefunga haro nyepesi ya kuvunja mabonge na kulainisha juu tu. Kwa mazoea Taratibu alipunguza mwendo, akatafuta mikono kiunoni. Kwanza alikuwa shambani, amechuchumaa, anafinya udongo.

"Unanata!" alipaza sauti. "Rudi zako!"

Taratibu alirudi tena siku nyingine, jua likiwa limewaka vya kutosha. Kwanza alifinya, donge likavunjika. Akaja barabarani. Akanyoosha mkono ng'ambo ya kijia.

"Anza kwa mdogo wangu."

"Nini?" Taratibu aliweka kiganja sikioni. "Injini ina kelele!"

"Nimesema anza kwa mdogo wangu!"

"Sisikii, dada!"

"Wewe umesikia! Usinichokoze, nitabadili mawazo!"

Fundi barazani alicheka mpaka pampu ikamponyoka.

Msimu ule mvua ilikatika tena, kama kawaida yake. Mahindi hayakujali. Pande zote mbili za kijia yalisimama marefu, na mpita njia asingejua la nani ni lipi. Kitinda alimuuliza dada yake kama wanarudishiana mashamba.

"Thubutu," alisema Kwanza. "Hili nimelijua sasa. Langu ni hili."

Mahindi yalipoiva, Kitinda alivuka kijia na hindi moja la kuchoma, la moto, amelishika kwa ganda. Lilikuwa la kwanza kutoka shambani kwake.

"Dada kwanza," alisema, akampa.

Kwanza alilivunja. Halikuvunjika sawa. Kipande kimoja kilikuwa kikubwa, punje zimejipanga vizuri. Kingine kilikuwa cha kichwani, chembamba. Alivitazama vyote viwili. Roho ilimvuta, na ilimvuta kweli kweli.

Kisha akampa mdogo wake kile kikubwa.