Neno la Kurudisha

Habari hii tuliisikia kwanza kwa shangazi Ursule, mwezi wa nane 2019, siku ya kuondoa matanga ya kaka yake, Papa Anselme. Clémence, binti mkubwa wa marehemu, alikuwapo. Hakumkatiza hata mara moja.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Clémence alikuwa akimpikia mzee Harshad, Mhindi mwenye duka la vitenge. Mchana mmoja, akingoja sahani, mzee alimsimulia habari za watakatifu wa kwao waliokaa msituni wakisali. Silaha zao hazikuwa chuma. Waling'oa unyasi, wakaunenea neno, unyasi ukaenda kuua. Akalitamka lile neno, akicheka. Pondu, mboga ya majani ya muhogo, ikaanza kuungua. Clémence akakimbilia jikoni. Mwisho wa hadithi ukampita.

Juma lile mtu alikuwa akiiba samaki kwenye mtego wao, penye maporomoko ya mto ya Wagenia. Siku tatu mfululizo kapu lilikuwa tupu.

"Yaya, pengine iko mamba mwenye anajua kufungua kamba!" alitania mdogo wake, Fanny, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

Clémence hakucheka. Jumamosi asubuhi aling'oa unyasi kando ya maporomoko. "Uende kwa ule anakula samaki yetu." Akatamka neno. Akauachia.

Hapakuwa na upepo. Unyasi ulipanda juu ya maji. Ukageuka. Ukaelekea kwao.

Alikimbia. Jikoni alimkuta Fanny amepiga magoti, ameshika tumbo. Kando yake, miiba ya samaki.

"Yaya, usiambie papa," alinong'ona. "Niko na mimba ya miezi sita. Njaa ilikuwa inanishinda."

Clémence akamwita Ursule, akakimbia dukani.

"Mzee, neno ya kurudisha! Nipe!"

Harshad aliweka chini kitenge alichokuwa akipima.

"Mama, ulitoka mbele ya hadithi kuisha. Mu hadithi, ule mwenye alituma, neno ya kurudisha hakukuwa nayo. Unyasi uliingia mu tumbo ya mwanamke mwenye mimba."

Clémence aliporudi nyumbani, mimba ilikuwa imetoka. Ursule alikuwa amekifunga kitoto ndani ya kitenge. Mvulana. Ngumi moja imekunjwa. Clémence akaifungua, kidole kimoja kimoja.

Unyasi. Mbichi.

Papa Anselme alikufa bila kuambiwa. Harshad alifariki 2021, Ursule mwaka jana. Fanny yu hai. Hajazaa tena, wala hali chakula kilichopikwa na dada yake. Clémence yu hai. Unyasi umewekwa ndani ya Biblia ya Papa Anselme, kwenye ukurasa wa kuandikia waliozaliwa katika ukoo. Tuliufungua Pasaka iliyopita.

Unyasi bado mbichi. Na umerefuka.