Msiba wa Shangazi Hanifa

Jamaa zangu wa Mbeya na Iringa, nyumba ya Mzee Muhidini pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, ilikuwa nyumba ya kutamanisha. Asubuhi baada ya swala mzee alikwenda kufungua duka lake la vitambaa, mkewe Mwanahawa akakaanga maandazi, na harufu ya iliki ikavuka ukuta mpaka kwa majirani. Humo hamkuwa na ulevi wala ugomvi. Binti yao Ruwaida alikuwa Iringa akisomea shahada ya pili ya mahusiano ya kimataifa, na kila likizo alirudi na asali ya kumpelekea mama yake. Ungepita hapo ungesema hawa wametulia, na usingekosea sana.

Lakini nyumba ile ilikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa ambao wengi wetu tunao na tunauita busara. Ulikuwa ugonjwa wa kuficha.

Ulianza pale kaka yake Ruwaida, Abdulkarim, alipopata kazi Muscat. Mwanahawa aliutangazia mtaa mzima, akapika, akaalika watu. Safari ikavunjika. Pasipoti ya kijana ilikuwa inakaribia kuisha muda wake, wakamrudishia uwanja wa ndege. Sababu ndiyo hiyo na kila mtu aliijua, isipokuwa Mwanahawa aliyekataa kuijua. "Ni macho ya watu," alisema. Tangu hapo halikutoka jema wala baya nje ya geti lile. Mzee Muhidini alipolazwa kwa presha, majirani waliambiwa amekwenda Mgololo kufuata biashara ya karatasi. Mtaani wakaanza kutania kwamba mzee ana mke mdogo huko Mgololo. Nami nilicheka niliposikia, lakini mwenzetu yule alikuwa wodini, na kila saa ya kuona wagonjwa alitazama mlango, akaona wenzake wanazungukwa na watu na vikapu vya chakula, yeye hana wa kumjulia hali ila mke wake. Iliniuma nilipokuja kuujua ukweli.

Malezi hayo ndiyo aliyokwenda nayo Ruwaida Iringa.

Huko alipanga chumba Kihesa pamoja na Tusekile, binti wa Kinyakyusa wa Tukuyu, msichana asiyejua kunong'ona. Walisoma darasa moja, wakachangia jiko la gesi na, baridi ya Juni ilipokaza, wakachangia hata blanketi. Tusekile akiona tangazo lolote la kongamano, semina au ufadhili, alilirusha kwenye grupu la darasa kabla hajamaliza kulisoma mwenyewe. Ruwaida alikwenda kongamano la Dodoma kwa tangazo la Tusekile. Alikwenda mafunzo ya Arusha kwa tangazo la Tusekile. Likumbuke hilo, msomaji, maana yeye alilisahau.

Siku moja mratibu wa kozi alimwita ofisini. Kituo kimoja cha utafiti wa mipaka kilikuwa kinatafuta wanafunzi wachache wa shahada ya pili wakafanye kazi Lilongwe kwa miezi sita, nauli na malazi juu ya kituo chenyewe. Wengi waliopitia nafasi ya namna hiyo walikuwa wamepata ajira. Mratibu akamtumia tangazo kwenye simu yake.

"Warushie wenzako kwenye grupu leo hii," alisema. "Mimi naingia kikaoni."

"Sawa, mwalimu."

Ruwaida alitoka akiwa na simu mkononi na grupu limefunguka. Badala ya kulirusha, akampigia mama yake.

"Mwanangu, funga mdomo," Mwanahawa alisema. "Hata huyo unayelala naye chumba kimoja. Hasa huyo. Ukishafika Lilongwe ndiyo wajue."

Basi akaomba peke yake. Alitakiwa kuandika insha, akaandika kuhusu watu wa Kasumulu na majirani zao wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, jinsi wanavyopashana habari za mafuriko na za magonjwa ya mifugo. Akaeleza kwamba nchi inayomficha jirani yake habari hujiumiza yenyewe. Aliiandika vizuri sana, mimi sina ubishi. Ilimfikisha kwenye usaili, ambao ungefanyika hotelini, kule Forest, hapo hapo Mbeya.

Sasa balaa likaja. Wiki ile ile ya usaili, Ruwaida na Tusekile walikuwa na prezentesheni ya pamoja darasani. Angemwambia nini mwenzake?

"Sema umefiwa," Mwanahawa alimshauri kwenye simu. "Msiba nani atauhoji?"

Ruwaida akapitisha jamaa zake mmoja mmoja kichwani, akatafuta wa kufa. Akamchagua Shangazi Hanifa, dada wa baba yake, aliyekuwa akiwauzia chakula wachimba dhahabu kule Makongolosi. Alimpenda sana shangazi yake. Alimchagua kwa sababu yuko mbali tu.

Tusekile aliposikia alimkumbatia akalia kuliko mfiwa. Akamfungia begi, akamsindikiza mpaka stendi. "Prezentesheni niachie mimi," alisema. "Wewe kamzike shangazi." Ruwaida alipanda basi akainamisha uso, na mpaka linapita Mafinga hakuthubutu kugusa zile karanga alizofungiwa na rafiki yake. Aibu ilimshika. Ilimshika lakini haikumrudisha.

Alipofika nyumbani, mama akamwambia azime simu. "Watakupigia wakuulize mazishi saa ngapi, ulimi uteleze."

Simu ikazimwa. Na jioni hiyo, nani akaingia getini na vikapu vyake? Shangazi Hanifa, mzima wa afya, amekuja kununua mchele na viungo vya mgahawa kama alivyozoea.

"Mbona unaniangalia hivyo, mwanangu?" alimuuliza. "Kama umeona jini!"

"Nimekumisi tu, shangazi."

Siku moja kabla ya usaili, Ruwaida alikuwa chumbani akijisomea. Uani Shangazi Hanifa alikuwa ameinamia sufuria la pilau, maana yeye akija hakuna mwingine anayepika. Ghafla nje ya geti kikasikika kilio.

"Hanifaa! Mama weee! Umetuachia nani, Hanifaa!"

Alikuwa mama yake Tusekile, ametoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani na kitenge kimefungwa kiunoni kimsiba. Nyuma yake alikuja Tusekile na mfuko wa mchele, kisha Kalinga, kijana wa Kihehe aliyekuwa kiongozi wa darasa, na wanafunzi wengine wamebeba sukari na unga. Hakuwaambia msiba uko mbali? Aliwaambia. Lakini wewe unatujua, sisi tukishindwa kufika kaburini tunafika kwa wazazi. Na nyuma yao mtaa mzima wa Mwanjelwa ulikuwa umeshaanza kutoka, kwa maana kilio hakimwachi mtu ndani.

Shangazi Hanifa akaja getini akijifuta mikono. "Poleni jamani. Nani tena amefariki?"

Kalinga akavua kofia, akasalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mama. Pole sana. Ni Bi Hanifa, dada yake Mzee Muhidini."

"Inna lillahi," alisema Hanifa kwa mazoea. Kisha akaacha kujifuta mikono. "Hanifa gani? Dada yake Muhidini si mimi?"

Kilio kikakatika. Mama Tusekile alibaki na mkungu kichwani, mdomo wazi. Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni, alirudi ndani akajifungia stoo. Ruwaida akatoka chumbani, na watu wote wakamgeukia. Nadhani angepewa nafasi ya kubadilishana na marehemu wake dakika ile, angekubali.

Tusekile aliuweka chini mfuko wa mchele. Hakupiga kelele, yeye ambaye hupiga kelele hata akiomba chumvi.

"Usaili wako umewahishwa," alisema. "Ni leo mchana. Wamekupigia hupatikani, wakampigia mratibu, mratibu akampigia Kalinga tukiwa njiani, pale Makambako."

"Kwa hiyo... mnajua?"

"Tunajua. Mratibu alituuliza kwa nini hatukuomba sisi, wakati alikupa tangazo utugawie. Wengine wakasema tushuke turudi Iringa."

"Na wewe?"

"Nikasema msiba ni msiba. Tangazo tutamuuliza baadaye, kwanza tukamzike mtu." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Sikujua na msiba ni sehemu ya kulificha tangazo."

Ruwaida alipiga hatua kumwendea.

"Nenda," Tusekile alimwambia. "Mratibu amewaambia umefiwa, wamekuonea huruma, wamekuweka wa mwisho. Utawahi."

Mzee Muhidini, aliyeitwa kutoka dukani kwa ajili ya kilio, alifika wakati huo. Hakumfokea binti yake. Alimsimamishia bajaji, akamwambia jambo moja tu: "Ukifika huko, usimzike dada yangu mara ya pili."

Kule hotelini mwenyekiti wa jopo, Dokta Devotha, alimpokea kwa upole. "Pole sana kwa msiba, binti. Wengine hatukuwaongezea muda, ila wewe tumekufikiria." Insha yake ilikuwa mezani. "Umeandika hapa kwamba anayemficha jirani habari hujiumiza mwenyewe. Hebu tufafanulie."

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Angejibu kama alivyojiandaa, na nafasi ingekuwa yake, kwa maana jopo lilishampenda. Ruwaida aliitazama insha ile, akaisogeza kando.

"Dokta, sijafiwa," alisema. "Shangazi yangu yuko nyumbani anapika pilau. Niliwadanganya wenzangu ili wasijue nimekuja hapa. Na tangazo lenu nilipewa niwagawie, nikalikalia."

Akaeleza yote, na machozi yakamtoka mbele ya wasomi. Dokta Devotha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaifunika insha.

"Nafasi siwezi kukupa leo," alisema. "Huko unakotaka kwenda, kazi yenyewe ni kupeleka habari ng'ambo zikiwa kamili. Lakini umesema kweli wakati uongo ulikuwa unakulipa, na hilo nimeliona. Awamu ijayo uombe tena. Na hao wenzako uliowafungia mlango, waambie nawafungulia mpaka kesho jioni."

Ruwaida alirudi nyumbani akitegemea kukuta uwanja mtupu. Alikuta watu wamejaa uani wanakula. Shangazi Hanifa alikuwa amekataa katakata waombolezaji waondoke. "Mmekuja kunilia mimi, mtakula mkono wangu!" Mama Tusekile alikuwa amekaa naye mkeka mmoja, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ndizi za matanga zilikuwa jikoni zinachemka.

Ruwaida akasimama katikati, akawaomba radhi wote, kisha akamwomba shangazi yake. Halafu akawasha simu, akalirusha lile tangazo kwenye grupu, na maneno ya Dokta Devotha chini yake. Simu zikalia uani kote.

"Nisamehe na kwa prezentesheni niliyokuachia," alimwambia Tusekile. "Nitairudia peke yangu."

"Tutairudia wote. Ulivyo mwongo, utawadanganya hata kwenye takwimu." Tusekile alisema hivyo akiwa bado amenuna, lakini alisogea kwenye mkeka akamwachia nafasi ya kukaa.

Ndipo Mzee Muhidini alipomwita mkewe atoke stoo. Alisema taratibu, watu wakisikia. "Mama Abdulkarim, nililala hospitali nikawaonea wivu wagonjwa wenzangu. Watoto hawa wametoka Iringa kumlilia mtu wasiyemfahamu. Mimi majirani zangu niliwafungia geti." Jirani mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe Mgololo ilikuwa hospitali?" Watu wakaangua kicheko, na Mwanahawa akacheka huku analia. Aliwaambia ukweli wote siku ile ile, na tangu hapo majirani walifika kumjulia mzee hali bila kuitwa.

Tusekile aliomba, akapata. Ruwaida alimfungia begi, akamsindikiza mpaka mpakani Kasumulu, na hakuna siku aliyoona wivu wake unakufa kama siku ile. Awamu iliyofuata mratibu alimpa yeye tangazo tena, makusudi. Alilirusha kabla hajatoka ofisini. Darasa karibu zima liliomba. Ruwaida alichaguliwa, na Kalinga pia.

Safari hii Mwanahawa aliutangazia mtaa mzima, akakagua pasipoti ya binti yake yeye mwenyewe kwa miwani ya mumewe, akapika na kualika. Shangazi Hanifa alifika mapema kutoka Makongolosi, amevaa gauni jipya. Kwenye geti alipaza sauti:

"Hodi! Marehemu nimekuja kuaga!"

FUNZO

Ndugu zangu, kijicho kipo, sikatai. Lakini hesabu mwenyewe: ni wangapi wamekuharibia kwa kujua habari zako, na ni wangapi wamekufaa kwa sababu walizijua? Ruwaida alimficha Tusekile, na Tusekile ndiye aliyemletea habari ya usaili wake, huku akijua amefichwa. Pasipoti iliyokaribia kuisha si macho ya jirani. Mgonjwa aliyefichwa hukosa wa kumpelekea uji. Na ninyi vijana mlioko vyuoni, nafasi uliyopewa uwagawie wenzako si mali yako. Wagawie, kisha shindaneni kwa haki, na atakayepata mumsindikize kwa furaha.

Na ukitaka udhuru, tafuta mwingine. Mashangazi waacheni waishi.