Mama wa Chumba cha Nyuma

Hiki si kisa nilichosimuliwa na watu. Kilimpata dada yangu mkubwa, Charline, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Anayesema natunga aje hapa Goma nimwonyeshe nyumba yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri. Charline, mjane anayenunua maharagwe kwenye mji mdogo wa Kiwanja na kuyauza Goma, alikuwa ananunua nyumba upande wa njia ya Kanyaruchinya. Kila alichokuwa nacho kiliingia humo. Akiipoteza, yeye na watoto wake wanarudi kubanana kwenye chumba cha kupanga. Kwa hiyo nilimfundisha maswali ya kuuliza, naye akayauliza yote. Nyumba ni yako kweli? Ndugu zako wamekubali uiuze? Majirani wanaijua mipaka? Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, anakuja kushuhudia? Muuzaji, bwana mmoja anayeitwa Sikuli, alijibu kwa sauti tamu mpaka nikamwona mtu wa heshima. Mshenzi yule.

Kilibaki chumba kimoja tu, cha nyuma, chenye mlango wa chuma na kufuli kwa nje.

"Mama yangu iko mule," Sikuli alinong'ona. "Ni mugonjwa, akili inapoteaka, njo maana ninafungaka. Nitakuya kumubeba hii wiki. Musimusumbue, tafazali."

Basi tukamwacha. Kwetu humlazimishi mtu akufungulie mlango wa mama yake mgonjwa. Ni kukosa adabu kabisa. Sikuli alilijua hilo na akalitumia. Mpaka leo nikikumbuka tulivyopita kwa kunyata kwenye ule mlango, tukishusha sauti kama watu kanisani, damu inanichemka.

Akasaini, akachukua pesa, akaondoka. Wiki ikaisha na simu yake haipatikani.

Tangu siku aliyohamia na watoto, Charline hakuweza kumwacha mama wa watu afe njaa. Alipika bugali na sombe, yale majani ya muhogo, akasukuma sahani kwenye uwazi uliokuwa chini ya mlango. Baadaye ikarudi tupu, safi, kavu. Sauti ya kikongwe ikasema kwa Kinande, "Wasingya." Asante. Charline alifurahi kusikia lugha ya kwetu tulikotoka, Butembo. Kitu kimoja tu kilimshangaza: sahani ilikuwa ya moto hata haishikiki. Ikawa hivyo kila siku.

Kisha akarudi jirani wa zamani, Mama Dancille, aliyekuwa amekimbia vita. Alikuja kusalimia, akamkuta Charline na sahani mkononi.

"Unamupelekea nani chakula?"

"Mama ya Sikuli. Iko mu chumba ya nyuma."

Dancille alikaa chini hapo hapo, sakafuni.

"Mama Ernestine?" alisema. "Ule mama alikatalaka kuuzisha iyi nyumba. Walikuwa wanagombana na Sikuli kila siku. Ile mangaribi volkano ilipasuka, Sikuli alitoka peke yake. Tukamuuliza, mama iko wapi? Akasema alimutangulisha Sake, kwenye tulikuwa tunakimbilia. Hakuna mutu alimuona Sake."

Charline alinipigia simu. Nilikuja na nondo, mchana kweupe, nikavunja kufuli. Mlango ulifungukia upande wetu, kwa shida, ukilia.

Hapakuwa na chumba. Palikuwa na jiwe.

Jiwe jeusi la volkano, kutoka sakafuni hadi juu kwenye mabati, ukuta hadi ukuta. Moto ulikuwa umeingia kwa dirisha la nyuma, ukajaza, ukapoa. Nje, Sikuli alijenga ukuta mpya akaupaka chokaa, na katika mji huu ambao wote umekalia mawe hayo, nani angeuliza? Hata mkono haukuwa na pa kupita. Nikaugeuza mlango. Kwa ndani, karibu na kitasa, chuma kilikuwa kimekwaruzwa. Kimekwaruzwa na kucha.

Nililia. Si kwa woga, kwa hasira. Mtu amemfungia mama yake motoni, kisha anamuuza pamoja na nyumba!

Tulimtafuta avoka, wakili wa kututetea. Akauliza, "Muliingia mu vyumba vyote mbele ya kusaini?" Tukakiri kimoja hatukuingia. Akasema kesi itachukua miaka. Tukamtafuta Sikuli, tukamkuta mtaa wa Himbi, kwenye nyumba mpya ya geti la buluu, amenenepa. Alitucheka pale pale getini.

"Mulinunua, mulinunua. Jiwe inaweza kunishitaki?"

Charline alipofika nyumbani alivuta kiti, akakaa mbele ya lile jiwe. Mimi nilisimama nyuma yake. Jua lilikuwa linaingia sebuleni, watoto wako shuleni.

"Mama Ernestine," alisema polepole. "Ni mimi nilinunua nyumba yako. Sikuli hakukuuliza. Mimi ninakuuliza. Unaniuzishia?"

Akaweka kiganja juu ya jiwe.

Kisha joto likaanza kutoka kwenye jiwe. Kidogo kidogo. Usoni.

"Wewe umeniuliza," ilisema ile sauti. Haikutoka nyuma ya jiwe. Ilitoka ndani yake. "Kaa. Lea batoto yako mu iyi nyumba."

Charline alifuta machozi. Nikamshika bega tuondoke. Sauti ikarudi, chini zaidi, ya upole kabisa.

"Mutoto yangu anaishi wapi sasa?"

Charline aligeuka akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Hapana, dada, usiseme. Nilimwona anavyokaza taya. Akaligeukia jiwe.

"Himbi," alisema. "Njia ya kushuka ku ziwa. Geti ya buluu."

Joto likakatika. Nilipoligusa, jiwe lilikuwa baridi kama mawe mengine yote ya Goma.

Asubuhi yake watu walijaa kwa Sikuli. Mke wake alikuwa amekaa uani, anatazama tu, hawezi kusema alichokisikia. Sikuli hakuwepo. Nguo zake zipo, viatu vipo, simu ipo inaita mezani. Polisi walimtafuta hadi wakachoka, na hadi leo hajaonekana.

Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu. Kwenye vigae vyeupe, kuanzia getini mpaka chumba cha kulala, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, midogo, ya mwanamke mzee. Zilikuwa zimezama ndani ya kigae, kila kidole kinaonekana. Hizo ni za kuingia. Za kutoka zilikuwa za miguu ile ile, ila zimezama mara mbili zaidi, visigino vimekandamiza, kama anavyotembea mama aliyebeba mtoto mgongoni.