Mwalimu Aliyeficha Rivasi

— Achia klachi taratibu. Taratibu, Tumpe. Unaiachia kama umefumaniwa.

Gari likaruka, likakohoa, likazima katikati ya uwanja. Pembeni palikuwa na foleni ya maroli ya kuvuka kwenda Zambia, na madereva wake, watu waliokaa siku tatu bila la kufanya, wakapiga makofi.

Mwalimu Osward akacheka pamoja nao. Halafu akamshika mwanafunzi wake kidole kimoja, kile cha pete.

— Usijali, mpenzi. Dereva haivi kwa siku moja.

— Huu ni mwezi wa tano, Osi. Yule Aliko alianza baada yangu, sasa hivi yuko Lusaka na roli.

— Aliko ni dereva. Wewe ni mke wa mwalimu.

Hapo ndipo Tumpe alipokuwa akikwisha. Msichana mzima, muuza vitenge, Wazambia wanamwogopa kwa kubishana bei, lakini akiambiwa neno "mke" anakuwa uji.

— Sasa lini unakwenda nyumbani kwetu?

— Si nilishakwambia? Siku utakayoingia Ndalambo unaendesha mwenyewe, mimi pembeni yako na barua ya uchumba mfukoni. Baba yako atoke aone mwanae anashuka kwenye usukani. Au unataka niende ukweni na bodaboda, kama muuza dagaa?

— Basi nifundishe rivasi.

— Rivasi ni somo la mwisho.

— Kwa nini?

— Kwa sababu ukijua kutoka, utatoka.

Tumpe akacheka. Alidhani ni mahaba.

Tuseme ukweli kuhusu huyu mwalimu. Saa moja ya somo, dakika arobaini zilikuwa za kubeba mizigo yake: leo godoro la dada yake, kesho saruji, keshokutwa nguruwe aliyefungwa miguu, na Tumpe ndiye anayeendesha, mbele tu, mbele tu, kama treni. Siku nyingine hakutokea kabisa. Alituma ujumbe: "Mpnz leo gari lina homa." Wiki iliyofuata: "Mpnz klachi imefiwa." Mama yake Tumpe alipokuja mjini akaomba kupanda nyuma mpaka stendi, Osward alikataa. Alisema gari la mafunzo lina sheria: nyuma wanakaa wawili, na tayari walikuwapo wawili, shemeji zake. Mama akatembea kwa miguu, mzigo kichwani.

Alhamisi moja ukaingia ujumbe:

"Jmosi saa 2 asbh. Safari ndefu. Vaa kitenge kizuri. Tutakuwa na baba mkubwa na shangazi. Usiulize maswali."

Tumpe aliusoma mara saba. Ya nane alimpigia mama yake.

— Mama, chinja kuku.

— Kuku wangapi?

— Wote.

Sauti ya mama ikaja chini chini:

— Baba yako nimwambie avae lile koti?

— Avae, mama.

Jumamosi Osward alikuwa kwenye suti, ananukia mpaka getini. Mlinzi wa chuo cha udereva akafungua daftari.

— Mwanafunzi nani?

— Tumpe, akajibu Osward. Andika. Somo la barabara kuu.

Nyuma walikaa shangazi yake na baba yake mkubwa, Mzee Zabron, ambaye ndiye mshenga. Mkononi Mzee Zabron alikuwa na bahasha iliyoviringishwa kwenye leso nyeupe yenye maua. Tumpe aliiona kwenye kioo, akakaribia kugonga geti.

Walipofika njia panda, Tumpe akawasha indiketa ya kuingia barabara ya Sumbawanga, ndiyo ya kwao Ndalambo.

— Zima hiyo, Osward akasema. Shika ya Mbeya.

— Osi, kwetu si huku?

— Kuna mzee tunampitia Vwawa. Angalia mbele.

Akaangalia mbele. Njia nzima simu ilitetemeka kwenye mkoba. Mama: "Mko wapi." Mama: "Wajomba wamefika." Mama: "Baba yako amevaa koti tangu saa tatu na jua hili, nimemwambia avue kwanza, hataki."

Walipita Vwawa. Hakuna mzee aliyechukuliwa. Wakakunja kuingia kwenye mashamba ya kahawa, wakapita njia nyembamba, wakaingia kwenye ua wa nyumba ya bati jekundu, na Tumpe akasimamisha gari pua ikiangalia ukuta. Wanawake wakatoka na vigelegele. Wazee wakashuka na leso yao.

— Osi, hapa ni kwa nani?

Osward alikuwa anajiangalia kwenye kioo.

— Kwa Irene.

— Irene ni nani?

— Tumpe, usinifanyie hivyo leo. Gari la chuo halitoki bila mwanafunzi kuandikwa kwenye daftari. Ningefanyaje?

— Ungeandika mwanafunzi mwingine.

— Wengine wote wameshapata leseni.

Alilisema hilo bila hata haya. Kisha akaona ameelezea kidogo, akaongeza:

— Leseni ina madaraja. Kuna ya pikipiki, kuna ya basi. Na wanawake ni hivyo hivyo. Wewe nakupenda, lakini ya kwako ni pikipiki. Kaa humu ndani. Ukiulizwa, wewe ni dereva wa chuo. Na usije ukalia, utaniharibia siku.

Akashuka. Akafunga mlango polepole, maana ni rangi ya gari la watu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa ya Mzee Boazi, baba yake Irene, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, na kwake barua haifunguliwi mpaka kila aliyekuja nayo aseme yeye ni nani kwa kijana. Osward aliyejua kila sheria ya barabarani, hiyo hakuijua.

— Mimi ni baba yake mkubwa, akasema Mzee Zabron.

— Mimi ni shangazi yake.

— Na aliyeko kwenye gari? akauliza Yunisi, dada wa Mzee Boazi, mwanamke ambaye macho yake hayapitwi na sisimizi.

— Huyo ni dereva tu, mama, akasema Osward.

— Dereva hali chakula?

Akatoka mwenyewe, akamleta Tumpe kwa mkono, akamkalisha mkekani mbele ya watu wote. Irene alikuwa amekaa karibu na mama zake, kitenge kipya, kichwa kimeinamishwa kwa adabu. Alimwangalia Tumpe viatu, akatabasamu kidogo. Tabasamu la mtu aliyeshinda bila kujua kulikuwa na mashindano.

— Karibu, mwanangu, akasema Mzee Boazi. Wewe ni nani kwa huyu kijana?

— Mwanafunzi wangu, Osward akadakia.

— Nimemuuliza yeye.

Simu ikatetemeka. Tumpe akaitoa mkobani, akaangalia jina, akabonyeza spika na kuilaza mezani, kando ya ile leso ya maua.

— Mama, sema. Nakusikia.

— Mwanangu, mbona mnatutesa? Chakula kinapoa. Baba yako amekataa hata maji, anasema mkwe asimkute anatafuna. Hebu niulizie huyo Osward, pilipili anakula? Na mshenga wake ni wa kukaa kitini au mkekani? Tumpe? Tumpe, mbona kimya?

Huko uani jogoo mmoja aliyenusurika kisu akawika.

— Tuko njiani, mama, akasema Tumpe. Akakata.

Kisha akamgeukia Mzee Boazi.

— Mimi ndiye niliyechinjiwa kuku leo, baba. Ila barua imekuja kwenu.

Osward akasimama.

— Wazee wangu, huyu binti ana matatizo. Miezi mitano nimemfundisha, hata rivasi hajui.

— Hajui au hukumfundisha? Irene akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo.

— Irene mpenzi, wewe kaa na wenzako.

— Mimi naendesha Canter ya baba kupeleka kahawa kiwandani. Rivasi inafundishwa kwa dakika kumi. Miezi mitano ulikuwa unafundisha nini?

Wanawake walicheka. Siyo kile kicheko cha sherehe. Ni kile cha kisimani, anachosikia mwanamume akajua kuwa jina lake halitapona mpaka afe, na baada ya kufa litatajwa matangani.

Mzee Boazi hakucheka. Aliichukua leso, akamrudishia mshenga, bahasha haijafunguliwa.

— Zabron, kuna mzee mwenzetu huko Ndalambo amevaa koti tangu asubuhi. Hukai hapa ukala kuku wangu. Utakwenda kumwambia uso kwa uso, wewe uliyebeba barua.

Mzee Zabron, aibu imemkunja kama fulana iliyofuliwa, akainuka, na shangazi nyuma yake. Nje, Tumpe akakaa kwenye usukani; Irene akavua viatu vyake vya uchumba, akasimama dirishani mwa gari.

— Weka rivasi. Shingo geuza, usitegemee kioo. Usukani unapeleka matako ya gari, siyo pua. Achia klachi. Umeona?

Gari likarudi nyuma limenyooka. Tumpe alilia hapo tu, siku nzima hiyo.

— Nani atakaa naye mbele? akauliza Yunisi. Mwanafunzi haendi bila mwenye leseni.

— Mimi ninayo, akasema Irene, na kitenge chake kipya akapanda.

Osward akakimbia, akashika mlango wa nyuma.

— Nisogezeeni, nikae katikati.

— Gari la mafunzo lina sheria, Tumpe akamjibu. Nyuma wanakaa wawili.

— Tumpe. Mpaka lami ni mbali. Nimevaa viatu vipya.

— Mama yangu alikuwa na mzigo kichwani.

Wakamwacha uani, suti imeshika vumbi. Nasikia watoto walimsindikiza mpaka barabarani wakiimba "klachi imefiwa." Nani aliwafundisha, mimi sijui.

Ndalambo waliingia saa kumi. Wajomba walipanga mstari. Baba yake Tumpe alikuwa kitini nje, koti la sufu limefungwa vifungo vyote, jasho linadondoka kwenye ndevu. Gari liliposimama hakumwangalia hata binti yake kwenye usukani. Alizunguka moja kwa moja upande wa pili, akajiweka sawa, akamfungulia mkwe mlango kwa mikono miwili.

Akashuka Irene, peku.

Mzee akaangalia ndani ya gari. Akamwona Mzee Zabron ameinamisha kichwa, leso mapajani. Akaangalia barabara, labda kuna gari jingine. Hakuna. Alisimama hivyo muda mrefu, mkono bado umeshika mlango.

Halafu akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, vyote vinne. Akamkabidhi mkewe koti.

— Hili gari umeliingiza mwenyewe? akamuuliza Tumpe.

— Ndiyo, baba.

— Na kulitoa utaweza?

— Nitaweza. Nimefundishwa leo.

— Na nani?

Tumpe akamwangalia Irene, ambaye tayari alikuwa ameshanawa na anatafuta sahani.

— Na mke mwenzangu.