Hata Wewe, Mdoe

Boksi lilipasuka chini katikati ya stendi ya Kabuku, basi la Arusha likiwa limesimama na wauza machungwa wamelizingira kama nyuki. Kondomu zikamwagika barabarani, pakiti zinametameta juani kama dagaa.

Munira alisimama akizitazama. Hata aibu hakuona. Aibu inataka nguvu, na yeye usiku kucha alikuwa hajalala. Alivaa dera la zambarau lililopauka mabegani, ndala, na khanga aliyoifunga kichwani ovyo ovyo. Zamu ilikuwa yake kwenda zahanati kuwachukulia wenzake wote pale gesti. Sasa abiria walikuwa wanacheka madirishani, na konda anauliza kama kuna harusi mbona hawakualikwa.

Akashuka dereva mmoja kwenye Fuso la machungwa. Shati la drafti, vifungo vimefungwa mpaka shingoni kama mtu anayekwenda ukweni. Akachuchumaa, akavua kofia, akaanza kuokotea humo taratibu kama mtu anachambua maharage.

"Dada, zote hizi ni zako?"

"Za kazini."

"Unafanya kazi zahanati?"

"Zahanati ndiko zinakotoka. Kazi iko kule zinakokwenda."

Dereva akafikiri. Munira aliona kabisa pale alipoelewa, na aliona pia kwamba mkono haukusimama. Uliendelea kuokota.

"Basi kazi yako ni ya hatari kuliko yangu," akasema. "Mimi angalau nina breki."

Munira akacheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza.

Aliitwa Mdoe, mtu wa Mnyuzi, anapeleka machungwa Dar na kurudi. Namba aliomba palepale, akapewa. Tangu hapo simu ikawa inaita mchana, saa ambazo Munira anaamka na kuloweka miguu kwenye beseni.

"Umeamka, mke wa watu?"

"Watu gani hao?"

"Watu ni mimi. Hujambo, chungwa langu?"

"Chungwa gani, mimi nilishamenywa siku nyingi."

"Ndiyo unakuwa tayari kuliwa, mama. Nani anakula na maganda?"

Kama mteja hakuja hata siku moja. Alikuja mchana kweupe, akala chapati na maharage kwa mama ntilie, akambebea ndoo za maji huku mtaa mzima unatazama. Siku walipolala pamoja, Munira alitoa kinga kama anavyotoa siku zote. Mdoe aliiangalia kwa huzuni kidogo, akaivaa.

Grasiana, mwenzake wa chumba cha pili, Mshambaa wa Kwashemshi mwenye mdomo wa cherehani, alisema mwanaume wa hivyo ama ni malaika ama ana deni mahali. Munira hakujali. Alikuwa amechoka. Kila anayeingia chumbani lazima amsome: mikono yake, pombe yake, kama anaangalia komeo. Kinga amvalishe mwenyewe, na baada ya hapo aangalie kama bado ipo. Hata usingizini sikio lake lilibaki mlangoni. Kwa Mdoe hakutaka nyumba wala hela. Alitaka mtu mmoja tu duniani ambaye akiwa naye, huo ulinzi auweke chini kama mtu anavyotua kuni.

Jumapili moja Mdoe akamchukua kwenda Korogwe kutembea. Munira alivaa gauni la kitenge la mabawa mabegani, akapaka mafuta ya nazi mpaka shingo inang'aa. Kabla hajapanda Fuso akalizunguka kwa nyuma, akapiga picha namba ya gari, akamtumia Grasiana. Alifanya bila kuwaza, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Walipiga picha darajani, mto Pangani nyuma yao. Wakaingia hotelini kula kuku, na Mdoe akaomba simu aone alivyotoka. Akapitisha kidole, picha moja, ya pili, akafika kwenye namba ya gari lake. Chini yake imeandikwa: *Fuso la machungwa. Mdoe, ana kovu kidevuni. Korogwe, narudi jioni.*

Akaiweka simu mezani kama kitu kinachonuka.

"Umenipiga picha kama mwizi wa ng'ombe."

Munira akamweleza kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mwenzao, Rehani, alipanda gari la wanaume wawili waliokuwa wanacheka vizuri tu. Aliokotwa asubuhi kwenye mashamba ya mkonge, hai, ila ameumizwa vibaya. Polisi walipomuuliza ni gari gani, alichokumbuka ni kwamba lilikuwa jeupe. Tangu siku ile hakuna mwanamke pale gesti anayepanda gari kabla namba haijatumwa, na asiporudi kwa saa aliyosema, wenzake wanaanza kumtafuta. Awe shehe, awe mchungaji, namba inatumwa.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Mdoe."

"Kwa hiyo mimi na wateja wako ni kitu kimoja."

Hapo angeweza kudanganya, na kudanganya wanaume ilikuwa nusu ya kazi yake. Lakini alikuwa amechoka na hilo pia.

"Kwenye gari, ndiyo."

Mdoe akaisukuma pembeni sahani ya kuku. Kisha akamshika mkono, sauti ikalegea. Alisema kuna njia moja tu ya kumwonyesha kwamba yeye si mteja. Leo waiache hiyo mipira. Mtu anayependwa anaaminiwa, na yeye amevumilia vya kutosha.

Munira akautoa mkono wake polepole.

"Kila anayetaka kuvua ana maneno yake. Wengine wanaongeza hela. Wewe unaongeza mapenzi."

Walirudi Kabuku redio inaimba peke yake. Aliposhuka, Mdoe hakuzima hata injini.

Mvua zikaanza, malori yakapungua, simu ikanyamaza. Grasiana akawa anamtania kwamba amempoteza mume kwa ajili ya namba ya gari, mpaka alipomwona hacheki, akaacha, akawa anamletea chai bila kuulizwa. Munira aliendelea na kazi. Alisoma mikono, alisoma pombe, aliangalia komeo. Kila aliyetoka alimwacha mzito zaidi, kama nguo iliyolowana.

Asubuhi moja akajilaza na dera lake, akaandika meseji: *Njoo. Tutaacha mipira. Nimechoka.* Kidole kikabaki juu ya kitufe. Alijua vizuri anachotaka kukifanya. Yeye ndiye anayewafundisha wasichana wageni wasikifanye. Akafumba macho kidogo tu, na usingizi ukamchukua meseji ikiwa haijaenda.

Alipoamka simu ilikuwa inaita. Ni Mdoe, yuko Chalinze.

Hakusalimia. Alisema amefikiri njia nzima, ndani ya Fuso hana mtu wa kutaniana naye tena, na tayari ameshamwambia shangazi yake. Anataka kumuoa. Gesti aache, mipira waache, waishi kama watu. Munira akajibu kwamba kazi ataacha siku atakayoamua mwenyewe, na hayo mengine yana sharti lake.

"Tukapime. Wote wawili."

"Hilo tu?" Mdoe akafurahi. "Mpenzi wangu, usiogope. Majibu yako yakiwa mabaya, mimi sikukimbii."

Munira, anayepima kila baada ya miezi mitatu, akaangalia dari. Akafuta ile meseji, akamwambia asante.

Mdoe alifika hospitali na shati jipya. Alimnunulia soda na maandazi, akamtafutia kiti chenye kivuli, akamwambia nesi kwamba amemleta huyu dada apime. Nesi akamwambia anyooshe na yeye kidole. Akanyoosha huku anatabasamu, kama mtu anayemwonyesha mtoto kwamba sindano haiumi.

Majibu ya Munira yalitoka mapema. Salama. Mdoe akaitwa ndani, akakawia. Alipotoka alipita mbele yake kama hamwoni, akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Munira akamfuata, akakaa. Mdoe alikuwa anaikunjakunja kofia yake juu ya magoti.

"Nilikuja kukusindikiza wewe," akasema.

"Najua."

"Sijawahi kupima maisha yangu yote. Njia ndefu, Munira. Kila kituo kuna mtu. Sikuoi tena. Nenda nyumbani. Siku ile Korogwe ningekuua."

"Siku ile nilikataa."

"Ungekataa mpaka lini?"

Munira akamwambia ukweli. Kwamba meseji ya kukubali aliiandika, na kilichomwokoa ni usingizi. Mdoe akafunika uso, mabega yakacheza. Alilia kama wanavyolia watu wasiozoea, kwa kukohoa.

Munira akamwacha alie. Aliwaza itakavyokuwa: dawa kila siku, kinga kila mara, hakuna usiku wa kusahau. Ule mzigo aliotaka kuutua, hapa hautuliki. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kushika upande wa pili.

"Rudi ndani," akasema. "Nesi hajamaliza, dawa zinaanza leo. Ukizimeza bila kuruka, virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni. Ukifika hapo humwambukizi mtu. Wapo wengi, wanazaa, wanalima, wanagombana."

"Na lile swali langu la ndoa?"

"Litakuwepo. Niulize ukishaacha kulia."

"Na mipira?"

"Ipo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi niseme, Mdoe."

Akaitikia kwa kichwa. Akajifuta kwa mkono wa shati jipya, akasimama, akauendea mlango polepole kama anapandisha mlima na mzigo. Munira alibaki akimtazama mpaka akaingia. Kisha akavua viatu, akapandisha miguu benchini katikati ya wagonjwa na watu wanaopita, akaegemea ukuta. Hakuangalia nani amekaa pembeni yake. Mlango ulipofungwa, alikuwa ameshalala.