Maji Vuguvugu

Harufu ilianza kabla nyama haijapoa. Dubu alikuwa ameuawa asubuhi ile ile, na milima ya Akita ilikuwa na baridi ya kugandisha mate, lakini ndani ya kibanda cha wawindaji kulinuka uozo wa wiki nzima.

"Kule bondeni ulimwitaje?" Iwazo alimuuliza mkwewe kwa sauti ya chini.

Tomekichi akacheka. "Si nilisema tuuburute mzoga, baba? Ulitaka niuite bibi harusi?"

Mdomo uliponza kichwa. Kijijini sema upendavyo, lakini mlimani dubu aliyekufa huitwa zawadi, kwa kuwa mwenye mlima ndiye aliyemtoa, na mwenye mlima ni jini wa kike, mwepesi wa kukasirika. Iwazo alimwambia ajimwagie maji baridi utosini na kuomba radhi. Atafanya baadaye, alisema. Vijana bwana!

Theluji ikaanguka kwa fujo, ikaziba mlango. Ndipo wakasikia kitu kikijikokota juu ya paa, polepole, kikinusa kila ufa, na uvundo ukazidi hadi wakatokwa na machozi, na sauti ya mwanamke ikashuka kwenye tundu la moshi, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, ikiuliza, "Humo ndani mna mizoga mingapi?"

"Usijibu," Iwazo alinong'ona. "Jimwagie maji, mwanangu! Nitamwambia nini Kinu?"

Kinu alikuwa binti yake, na Tomekichi alikuwa amemuoa vuli iliyopita. Kijana akayeyusha theluji sufuriani. Kwa kuogopa baridi, aliyaacha maji motoni hadi yakawa vuguvugu, akamficha mzee mvuke wake. Akajimwagia, akaomba radhi. Sauti ikanyamaza, na Iwazo akalia kwa furaha.

Theluji ilipotulia walichimba njia, wakateremka kijijini, mzee mbele, kijana nyuma. Kinu alifungua mlango huku anatabasamu.

"Karibu, baba! Mume wangu yuko wapi?" Kisha akaziba pua, macho yake nyuma ya baba yake. "Na huo mzoga umeuburuta wa nini?"

"Kinu, ni mimi!" Tomekichi alipiga kelele.

Iwazo aligeuka, akatazama pale mkwewe aliposimama, akaona mzoga tu, akaangua kilio.

Mbwa wa jirani walikuwa wameshafika, wanalamba midomo.