Alama Katikati ya Koni

Kijiko kiligonga kikombe kabla ya alfajiri, na Munir, dereva wa kambi ya watalii jangwani, akajua Metrine anamkorogea chai. Mwenzake huyo wa kazini alijiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, na njia nzima kutoka mtaani kwao International City alikariri somo lake: koni ni theluthi ya silinda yenye mdomo na kimo sawa nayo.

Kufikia adhuhuri hapakuwa na njia tena. Tufani ya mchanga iliifuta, gari likabingirika tutani, na bati likampasua Munir paja. Simu hazikushika mtandao. Jagi la maji, lililonyooka kama pipa, lilimwagika ikabaki theluthi. Chombo kingine kilikuwa koni ya barabarani, yenye upana na urefu wa jagi lile. Upepo ulipotulia, Metrine aliipindua, akaiziba ncha kwa kitambaa.

"Kidonda nimekifunga, kaka. Usikifungue. Asubuhi tulipita zizi la ngamia. Nitalifuata, jua likiwa kushoto."

"Na maji?"

"Yaliyobaki ni koni moja kamili."

"Basi nusu kwa nusu." Munir alichora alama kwa ufunguo ndani ya koni, katikati kabisa ya kimo chake. "Ukipunguza tone, nakufuata kwa magoti."

Metrine aliitazama alama ile. "Haya, arbab, bosi wangu," akasema taratibu. Alijaza mpaka pale, akafunika jagi, akaibeba koni, akaenda.

Joto lilipanda. Koo lilipomkauka, Munir alifungua jagi, akadhani homa inamchezea. Maji yalikuwa karibu palepale. Alitumbukiza mkono, akapima tena.

Ndipo somo la alfajiri likamrudia. Koni iliyopinduliwa ni nyembamba chini. Ukifika nusu ya kimo, upana nao ni nusu, huku na huku. Nusu ya nusu ya nusu. Thumni, sehemu moja ya nane! Ili kupata nusu ya maji, alama ilipaswa kukaribia sehemu nne kati ya tano za kimo. Na aliyeichora ni yeye.

Alijifunga jagi mgongoni kwa mkanda wa gari, akatambaa. Mchanga ulimuunguza viganja. Kidonda kilifunguka, damu ikakauka kabla haijadondoka. Jua kushoto, jua kushoto. Aliwahi kulala kifudifudi akatamani kubaki hapo, akainuka kwa sababu ya mtu aliyemkorogea chai.

Aliiona koni kwanza, kavu. Metrine alikuwa kando yake, midomo imepasuka.

Munir alimdondoshea maji kwa kifuniko. "Mwanafunzi gani anamdanganya mgonjwa hesabu?"

"Ulijichorea mwenyewe," akanong'ona. "Una kidonda. Kunywa wewe."

"Khalas, basi. Kunywa."

Waligawana hadi jagi likawa tupu. Kisha Munir, kwa nguvu zilizobakia, aliisimika ile koni nyekundu juu ya tuta.

Mzee Ramathan, mchunga ngamia, aliiona jua likizama. Aliwabeba mmoja mmoja hadi zizini, akawatandikia blanketi lake la pekee, akaleta bakuli la maziwa. Metrine aligawa. Safari hii Munir hakuchora alama yoyote. Alilisukuma bakuli upande wa dada yake huyo wa kazini, naye akalirudisha.

Zizini mtandao ulishika, mzee akapiga simu. Gari la wagonjwa lilipofika, alishika mlango, hauachii. Aliishi peke yake na ngamia, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Mtakuja tena?" aliuliza. "Njooni mniangalie. Hata bila kupotea."